Silaha na Mkono

Mtu akinunua jembe, siku ya kulinunua ndiyo siku ya kuwa mwenyewe. Hulitia mpini, akaenda nalo shambani, na ardhi ikamwambia mara moja kama fedha yake ilitumika vema au vibaya. Akinunua mtumbwi, maji humjibu kabla jua halijachwa. Silaha haijibu hivyo. Yaweza kukaa ndani ya sanduku miaka kumi, imenyamaza, na mwenyewe asijue kama alichokiweka nyumbani ni rafiki au adui. Na siku ya kusema kwake, neno lake halirudishwi. Kwa sababu hiyo kununua silaha ni jambo moja, na kuimiliki ni jambo la pili. Wengi wanaweza la kwanza. La pili lataka mafunzo, subira, na wakati mwingine aibu.

Kibara ni mji mdogo katika wilaya ya Bunda, mkoa wa Mara. Umekaa kando ya Ghuba ya Speke, mkono ule wa ziwa ambao Stanley aliupa jina hilo mwaka 1875 kwa kumkumbuka Mwingereza mwenzake. Barabara itokayo Bunda hupita Kibara ikaishia Kisorya, na kutoka Kisorya kivuko huwapeleka watu Rugezi katika Ukerewe. Nchi hiyo huishi kwa pamba, kwa mihogo na mtama, na zaidi kwa ziwa. Katika usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi wa dagaa hutanda juu ya maji hata mgeni akadhani kuwa upo mji mwingine upande wa pili. Kulipopambazuka dagaa huanikwa juani, na wanunuzi hufika na magunia yao. Biashara hii ni ya fedha mkononi: mvuvi aliyekesha majini hapendi ahadi.

Mtu anayesimuliwa hapa alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi kwa miaka ishirini na zaidi kabla ya kuwa mnunuzi wa dagaa. Vidole vyake vilijua chuma kama vidole vya mwanamke wa pwani vijuavyo ukili. Akisikia mashine ikipita mbali majini aliweza kusema ni plagi ipi iliyochoka. Watu walimheshimu kwa ufundi huo, naye, kama walivyo mafundi wengi, alijiheshimu kwa huo huo kuliko kwa fedha aliyoipata baadaye.

Usiku mmoja alikuwa akirudi kutoka Bunda na mfuko wa fedha za kuwalipa wavuvi. Ndani ya gari dogo alikuwamo yeye, dereva, na mpwa wake, kijana wa dada yake aliyemsaidia kuhesabu magunia. Mahali pasipo nyumba walikuta mawe yamepangwa njiani. Gari liliposimama, watu watatu walitoka gizani na mapanga na tochi kali. Mlango ulifunguliwa kwa nguvu upande wa kijana. Mjomba alikuwa amekaa ndani zaidi, mfuko mapajani. Mambo yote yalikwisha katika muda wa kuvuta pumzi tano au sita. Mfuko ulichukuliwa. Kijana, ambaye aliinua mkono wake wa kulia ili azuie, alikatwa kwenye kifundo, na kano za vidole viwili hazikuunga tena. Tangu usiku ule vidole hivyo havikunji kalamu.

Fedha ziliumiza, lakini maumivu ya fedha yana kikomo. Kilichomkosesha mtu yule usingizi kilikuwa ni kukumbuka mikono yake mwenyewe, iliyojua kufungua kila mashine, ikiwa imekaa juu ya mfuko pasipo kazi, hali mkono wa mtoto wa dada yake ulikuwa ukikatwa. Katika fikira hiyo ndimo lilimotoka azimio la kununua bastola.

Nchi za ziwa hazikuanza jana kujuana na bunduki. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Unguja na pwani ilileta bara bunduki za gumegume na za fataki kwa makumi ya maelfu, zikabadilishwa kwa pembe na kwa watu. Mirambo wa Unyamwezi, aliyekufa mwaka 1884, alijenga dola yake kwa vijana waliobeba bunduki za namna hiyo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakakubaliana kuzuia silaha mpya zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Ila waliiacha bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Maana ya ruhusa hiyo si ngumu kuielewa: waliojitengea silaha mpya hawakuona hofu kubwa kwa silaha ya kale iliyo mikononi mwa wengine. Baadaye wahunzi wa vijiji walijifunza kutengeneza magobore yao wenyewe kwa vipande vya bomba, na gobore halijatoweka katika nchi hata leo.

Tena vilikuja vita vya Tanzania na Idi Amin wa Uganda, mwaka 1978 na 1979. Vita vilipokwisha, silaha za kivita zilibaki zikitangatanga katika nchi za kandokando, na wizi wa ng'ombe katika Mara, ambao zamani ulikuwa wa mikuki na mishale, ukapata sauti mpya. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 watu wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu, wakalinda mali zao kwa pinde, mishale na mbiu ya mgambo. Mwezi Machi mwaka 2000 nchi za Maziwa Makuu na za Pembe ya Afrika zilitia sahihi Azimio la Nairobi la kupambana na kuenea kwa silaha ndogo, na mwaka 2004 zikafuata kwa Itifaki. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa sheria ya mwaka 1991. Kwa hiyo mtu wa Kibara aombaye bastola haombi kitu kigeni. Aomba kitu ambacho nchi yake imekwisha kukijua, ikakitumia, ikakiogopa, na ikakifunga kwa sheria.

Maombi yake yalipita kwa wakubwa wa kijiji, wa kata, wa wilaya na wa mkoa. Aliulizwa habari za kazi yake, afya yake, mwenendo wake, na mahali atakapoiweka silaha. Muda ulikuwa mrefu, naye alinung'unika kama wanung'unikavyo waombaji wote. Walakini baadaye alikiri kwamba muda ule ulikuwa sehemu ya mafunzo, maana hasira aliyoanza nayo safari haikuweza kutembea mwendo wote huo. Ilichoka njiani, ikabaki haja tu. Hatimaye alipata kibali, akanunua kwa muuzaji mwenye leseni bastola ya aina ya rivolva, yaani ile ambayo risasi zake hukaa katika silinda izungukayo. Ilikuwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ilikuwa ya risasi sita, mtutu wa inchi 4, na kipenyo kiitwacho.38, ambacho kwa kipimo halisi ni kama milimita 9.

Alipofika nyumbani aliiweka juu ya meza yake ya kazi, juu ya kitambaa cheupe, mahali alipozoea kufungua mashine. Kwanza aliifungua silinda akatazama vyumba sita kimoja kimoja, kisha akavitia kidole kimoja kimoja, kwa maana jicho hudanganywa na mazoea. Vilikuwa vitupu. Risasi zilikuwa katika sanduku jingine, katika chumba kingine. Mkewe, aliyesimama mlangoni, alisema, "Baba watoto, nimeona umeihesabu mara mbili. Mwenye nayo wa kwanza, je, alihesabu?" Hakumjibu, kwa kuwa swali lilikuwa la haki na jibu hakuwa nalo.

Wazo la rivolva ni jepesi, na ndiyo sababu limeishi sana. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza yake nchini mwake mwaka 1836, na tangu hapo sehemu ndogo zimebadilika, lakini shina ni lile lile. Nyundo ikiinuliwa, kidole cha chuma kilichofichwa ndani husukuma silinda kwa sehemu moja ya sita ya duara. Kisha komeo dogo huchomoza kutoka chini likaingia katika tundu lake, likaishika silinda isitikisike. Hapo chumba kimoja huwa kimesimama sawasawa nyuma ya mtutu. Nyundo ikianguka, risasi hutoka chumbani ikaruka nafasi ndogo kuingia mtutuni. Mambo yote ya usalama yamo katika neno hilo moja: sawasawa. Chumba kikipotoka kwa unene wa ukucha, risasi hugonga ukingo wa mtutu, na vipande vya risasi hutapika ubavuni, vikampata mpigaji au aliye jirani yake.

Fundi yule alilijua jambo hilo kwa akili kabla hajalijua kwa silaha, maana katika mashine pia moto ukiwaka kabla ya wakati au baada ya wakati huvunja kinachoubeba. Alichukua geji yake ya majani membamba ya chuma, ambayo kwa miaka mingi alipimia nafasi ya plagi, akapima nafasi iliyo kati ya silinda na mtutu. Ilikuwa kama unene wa karatasi moja na nusu, nayo ni nafasi njema. Akaangaza mtutu juu ya taa: mifuo ilikuwa safi, pana doa dogo la kutu karibu na mdomo. Kisha aliinua nyundo polepole sana, akisikiliza. Tiki ya komeo ilipasa kusikika kabla nyundo haijafika mwisho wa kupanda kwake. Chumba cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili, cha tatu na cha nne vilikuwa sawa. Cha tano kilikuwa sawa. Cha sita nyundo ilifika mwisho, ikashika, na tiki haikusikika. Alipoigusa silinda kwa kidole, ndipo ilipojongea kidogo, na komeo likaingia.

Alirudia mara kumi. Mara saba katika kumi chumba cha sita kilichelewa.

Huo ulikuwa ni wakati wa hatari ya kwanza, nayo haikuwa na mlio. Tupa yake ilikuwa karibu. Aliona wazi, au alidhani aliona wazi, mahali pa kukwaruza kidogo ili kila kitu kikae vizuri. Fundi aliyezoea kusifiwa huona ugumu wa kumpelekea mwenzake kazi. Humwia kama mpishi kuagiza chakula kwa jirani. Aliishika tupa. Mkewe aliiona, akamwambia maneno machache tu: "Mashine ikikosea, watu hupiga kasia wakarudi pwani. Hii ikikosea, watarudi na nini?" Akaiweka tupa chini. Tena alikumbuka alilowafundisha vijana wake siku zote, kwamba chuma kilichoondolewa na tupa hakirudi. Na sheria haimruhusu mwenye silaha kuitengeneza kama apendavyo. Kazi hiyo ina watu wake wenye kibali.

Alisafiri hata akampata fundi wa silaha mwenye leseni. Mzee huyo aliifungua bastola, akatazama muda mfupi, akasema kwamba kidole kinachosukuma silinda kimelika ncha yake. Dawa yake haikuwa kukwaruza komeo, bali kutia kidole kipya kilicho kirefu zaidi kwa unene wa unywele na kukilinganisha na vyumba vyote sita. "Ungelipunguza komeo," alisema, "chumba cha sita kingepona, na vitano vingeugua." Mtu wa Kibara alinyamaza. Miaka ishirini ya ufundi ilimnyamazisha pamoja naye. Alilipa, akasubiri, akapewa bastola ambayo kila tiki ilisikika mahali pake.

Kupima silaha kwa risasi si jambo la kufanyiwa uani wala ufukoni. Aliomba ruhusa, akapangiwa siku katika uwanja wa shabaha, chini ya macho ya askari. Askari mwenyewe alikuwa kijana, umri wa mwanawe wa mwisho. Kabla ya kufungua sanduku alimwomba mzee aseme anayoyajua, na mzee alisema: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mdomo wake usielekezwe kamwe kwa kitu ambacho mtu hataki kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka macho yamekubali shabaha, na nyuma ya shabaha pajulikane. Kijana alitikisa kichwa. "Umesema vizuri, Mzee. Sasa tuone kama mkono nao umesikia."

Mara ya kwanza walitia risasi moja tu, vyumba vitano vikiwa vitupu. Ndiyo desturi njema kwa silaha isiyojulikana, ili ikiwa ina kasoro, kasoro iseme mara moja na si mara sita. Karatasi ilitundikwa kwa umbali wa mita 7, na nyuma yake palikuwa na ukuta mnene wa udongo. Aliziba masikio, akavaa miwani, akashika mpini kwa mikono miwili, akavuta. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko alivyotazamia, na mrusho ukawa mdogo kuliko alivyoogopa. Tundu lilionekana katika karatasi, chini, upande wa kushoto, kiasi cha shibiri moja kutoka kati. Walitazama ganda la risasi: lilikuwa limepigwa katikati barabara. Walitazama ubavu wa silinda: hapakuwa na kipande kilichotapikwa. Wakatia mbili, kisha nne, kisha sita. Bastola ilifanya kazi yake bila kosa. Lakini matundu yote yalikwenda chini kushoto, kama kuku waliozoea banda moja.

"Kionea cha mbele kimepinda," alisema mzee, kwa kuwa fundi hutafuta kosa katika chombo.

Askari aliichukua, akapiga tatu. Zote zilikaa karibu na kati. Alirudisha bastola bila kusema lolote. Kisha aligeuka, akapakia silinda mahali mzee asipoona: risasi tatu hai, na maganda matatu yaliyokwisha kutumika, yakiwa yamechanganywa. Akampa. Mzee alivuta mara ya kwanza, mlio ukatoka. Alivuta mara ya pili. Nyundo iliangukia ganda tupu. Hapakuwa na mlio wala mshindo, na katika ukimya ule wote wawili waliona mdomo wa bastola ukiinama chini kwa haraka, kana kwamba mtu ameupiga kofi. Hapakuwa na kitu cha kulaumiwa. Silaha ilikuwa imetulia. Mkono ndio ulioshtuka, tena ulishtuka kabla ya jambo lenyewe, kwa kuliogopa tu. Mlio wa risasi hulificha kosa hilo, kimya hulifichua.

Aibu ina namna mbili. Ipo inayomfanya mtu apunguze mwendo, na ipo inayomfanya auzidishe. Mtu wa Kibara alishikwa na ya pili. Aliomba risasi nyingine, akatia sita, akaanza kupiga upesi, akitaka tundu moja tu lililo kati ili aende nalo nyumbani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilitoa mlio mdogo, kama kizibo king'okacho katika chupa. Kwa wepesi aliokuwa nao kidole chake kilikwisha kuanza kuvuta tena, na silinda ilikwisha kuanza kuzunguka, askari alipomshika kifundo cha mkono.

"Mzee, acha! Usivute."

Walikaa hivyo nusu dakika nzima, mdomo ukiwa umeelekea ukutani, mkono wa kijana juu ya mkono wa mzee. Kisha waliifungua silinda, wakatoa yote yaliyomo. Askari alichukua ufito wa shaba, akaupitisha mdomoni mwa bastola. Uliingia nusu, ukagota. Risasi ilikuwa imekwama ndani ya mtutu.

Sababu yake yajulikana kwa wapigaji wa nchi zote. Risasi iliyokosa baruti bado ina fataki kitakoni mwake, na nguvu ya fataki peke yake yatosha kuisukuma risasi hata ikaingia mtutuni, lakini haitoshi kuitoa. Mpigaji asiyesikiliza huvuta tena, na risasi ya nyuma ikaikuta ya mbele imeziba njia. Hapo mtutu hufura au kupasuka, umbali wa shibiri mbili tatu kutoka usoni. Kati ya mtu yule na ajali hiyo palikuwa na sehemu ndogo ya kidole. Wala bastola haikumwokoa, wala ufundi wake haukumwokoa. Aliyemwokoa ni kijana aliyekuwa akisikiliza wakati yeye alipokuwa akitaka kushinda.

Alipokuwa akirudi Kibara hakuwaza tena habari za shabaha. Aliwaza mkono wake. Mahali palipo salama, mchana, na shabaha ya karatasi isiyomtishia mtu, mkono huo uliogopa mlio. Na ulipoaibishwa ukasahau kusikiliza. Je, usiku ule wa mawe na mapanga ungalifanya nini? Ni swali alilopaswa kuuliza kabla ya kununua, lakini huenda lilikuwa haliulizwi ila baada ya kupiga.

Siku ya pili alimwita mpwa wake wakaingia katika gari lile lile lililokuwamo usiku ule. Mzee alikaa mahali alipokaa, akamwambia kijana akae mahali pake, mlango ukiwa wazi. Alichukua futi ya kamba akapima: kutoka mkono wake hata mlangoni aliposimama mwenye panga haikutimia mita moja na nusu. Mahali pafupi hivyo hata mkono mwoga hauwezi kukosa. Kisha aliinua kidole chake cha shahada kwa mkono ulionyoka, kama mtoto achezaye vita, akakielekeza mlangoni. Kidole kiligusa ubavu wa kijana.

Walikaa kimya. Kijana alielewa upesi kuliko mjomba alivyotaka aelewe.

"Mjomba," alisema, "ungalikuwa nayo usiku ule?"

"Ningalikuua, mwanangu."

Kijana aliutazama mkono wake wa kulia, wenye vidole viwili visivyokunja. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyerudishiwa kitu ambacho hakujua kama kilipotea. "Basi usijilaumu tena kwa vidole hivi," alisema. Maneno hayo mzee alikuwa amekwisha kuyangoja kwa muda mrefu, bila kujua kwamba ndiyo aliyoyangoja. Alikuwa amenunua bastola ili ayalipie, kumbe hayakuuzwa.

Isidhaniwe kwamba alikwenda kuitupa silaha ziwani. Mtu wa makamo hatupi haraka kilichompitisha katika ofisi zote za mkoa. Aliirudia mazoezi kila alipopewa ruhusa, taratibu, risasi moja moja, hata mdomo wa bastola ukaacha kusujudu mbele ya ganda tupu. Lakini alibadili mambo makubwa zaidi ya mkono. Fedha nyingi alianza kuzituma kwa simu, njia iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2008, na wavuvi, ambao hapo kwanza walikataa, walizoea walipoona kwamba fedha ya namna hiyo haikatwi kwa panga. Chache zilizobaki alizichukua mchana, pamoja na wanunuzi wenzake, magari mawili yakifuatana. Hatari aliyotaka kuijibu kwa risasi sita ilipungua kwa kubadili saa ya safari.

Tena aligundua mzigo ambao muuzaji hakumwandikia katika hati. Mwaka uliofuata aligombana na jirani yake juu ya nyavu zilizochanika. Jirani alimtukana mbele ya watu, tukio ambalo zamani lingalimalizwa kwa kushikana mashati na kupatanishwa jioni. Safari hii watu wote walimtazama yeye na si mwenye kutukana, naye alifahamu sababu. Mwenye bastola, hata akiwa ameiacha nyumbani ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, hana tena haki ya hasira kama watu wengine. Neno lake kali husikika kama kitisho, na ukimya wake nao husikika hivyo. Alilipa nyavu ambazo hakuzichana, akaenda zake. Kibara walisema amekuwa mpole. Mkewe alisema, "Si upole huo, ni kodi." Na kodi hiyo hailipwi mara moja kwa mwaka kama ada ya leseni, hulipwa kila siku, barazani, sokoni, na katika mashauri ya ukoo.

Vijana wa ufukoni, wanaposikia habari zake, humwomba awaonyeshe bastola, hata kwa kuishika tu. Hawaonyeshi. Badala yake hutoa katika mfuko wa shati kipande cha risasi, ile ile iliyokwama, ambayo fundi wa silaha aliisukuma nje kwa ufito na nyundo ya mti. Ina alama za mifuo ubavuni na kitako kilichofura kidogo. Huwapa waipokezane, akawaeleza mlio uliotoka na mlio ambao haukutoka, na namna mkono wa kijana wa watu ulivyoushika mkono wake. Wengi huirudisha haraka wakaenda kwenye mitumbwi yao, maana usiku hauna mbalamwezi na dagaa hawangoji. Mmoja mmoja hubaki, akaigeuzageuza, akauliza swali la pili. Huyo ndiye mzee humkaribisha akae.